Sentensi ya Barafu

Sietse, mlinzi wa pampu, aliugeuza ufunguo mara ya pili, akaupiga kofi, akaugeuza tena. Taa ya kijani ilibaki inawaka. Ndipo akavua glavu kwa meno na kupiga simu ofisini kwa Bodi ya Maji.

"Hiske, uko peke yako?"

"Peke yangu na kahawa. Nchi nzima iko barafuni, mimi nimepangiwa zamu. Wewe umeanguka au umelewa?"

"Niko nje ya pampu. Nimegeuza ufunguo wa kuisimamisha. Haisikii."

"Itasimamaje na haijawaka?"

"Binti, usinifundishe pampu. Taa inasema iko tayari. Maji yakigusa alama nyekundu itawaka yenyewe. Na hapa mbele yangu kuna hema, ndani ya hema kuna baba yako anagonga mihuri, na nyuma ya baba yako kuna foleni ya watu mpaka kwenye matete. Sasa niambie, maji yako wapi?"

Hiske akatazama skrini. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufika alama nyekundu, na yalikuwa yanapanda. Kahawa ikamwagika mezani asiijali.

Bonde la Oosterwar liko chini ya usawa wa bahari, na maji huchuruzika humo mchana na usiku kupitia chini ya tuta. Pampu ikilala mwezi mmoja, watu wataogelea jikoni mwao. Kila mtoto wa bondeni anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini kila mtoto anajua na jambo la pili: pampu ikivuta wakati mfereji umeganda, maji yanaondoka chini ya barafu, na barafu inabaki inaning'inia kama dari isiyo na nguzo. Ukisimama juu yake, unakwenda nayo. Mbele ya mdomo wa pampu ndiko inakovunjika kwanza, na huko ndiko lilikosimamishwa hema.

Utauliza, ni mwehu gani anayepiga hema mbele ya mdomo wa pampu? Si mwehu. Pale ukuta wa jengo unakinga upepo wa mashariki, supu haipoi upesi, na kwa majira ya baridi thelathini Sietse alikuwa anageuza ufunguo baridi ikikaza, pampu inanyamaza, barafu inanenepa, na Mzunguko wa Vijiji Saba, safari ya kuteleza kijiji hadi kijiji na kugongewa kadi mhuri kila kituo, unapita salama. Sheria ilisema maji yakivuka alama nyekundu sharti pampu ivute, barafu iwepo isiwepo. Sietse aliivunja kila mara mfereji ulipoganda. Hakuna aliyemruhusu wala aliyemkataza. Watu wa huko wana ufundi wao katika jambo hili: sheria wanaiandika vizuri, wanaipiga rangi, wanaitundika ukutani, kisha wote kwa pamoja wanageuza shingo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Bwana Roelof, alikuwa wa kwanza kugeuza shingo, na wa kwanza kuvaa viatu vya kuteleza.

Yote hayo yalikuwa mema mpaka alipokuja Hiske na Mkalimani wake.

Hiske alizaliwa Oosterwar, akaenda kusoma mjini, akarudi na kazi ambayo hakuna shangazi yake aliyeielewa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika maagizo ya mashine kwa namna ambayo inaweza kuthibitishwa kwa hesabu, kwamba mashine haitafanya kinyume chake hata siku moja. Zamani maagizo hayo yaliandikwa na wataalamu wawili au watatu kwa alama zinazofanana na nyayo za kuku, na mtu wa pampu akiletewa asaini alisaini kama anayesaini cheti cha kifo cha mtu asiyemjua. Hiske akasema hapana. Akatengeneza programu, akaiita Mkalimani. Unaiandikia sentensi kwa lugha ya nyumbani: maji yakigusa alama nyekundu, pampu iwake ndani ya dakika tano. Yeye anaigeuza kuwa hesabu, anaipambanisha na sentensi zote zilizotangulia, kisha anakurudishia kwa maneno mengine ili uone kama kweli ndivyo ulivyotaka. Pasipoeleweka anakuuliza. Na haulizi kwa kiburi. Anauliza kama mtoto wa chekechea, mpaka unachoka.

Walikaa mezani majira yote ya kuchipua, Hiske, Sietse, Roelof na wajumbe wa Bodi, kahawa kikombe kimoja, biskuti moja, mkebe unafungwa, ndiyo desturi ya huko. Sietse mwenyewe aliandika nusu ya sentensi zile na kuringa nazo kijijini. Umeme ukikatika, dizeli iwake: ya Sietse. Mlango wa mashine ufunguke kwa kadi mbili, ya mlinzi na ya Mwenyekiti: ya Roelof. Asiwepo mtu, hata aliyeitengeneza, awezaye kuizuia pampu kinyume na kanuni hizi: hiyo ilikuwa ya Hiske, na alijivunia kuliko zote.

Siku ya mwisho Mkalimani akauliza swali moja. Likajitokeza ukutani, herufi kubwa, watu wote wakalisoma: Je, kuna wakati wowote ambapo maji yako juu na pampu haifai kuwaka?

Sietse akautazama mkebe wa biskuti. Wajumbe wakautazama mkebe wa biskuti. Kusema ndiyo kulikuwa kukiri kwamba Bodi imevunja sheria miaka thelathini, tena mbele ya karatasi zinazokwenda kwa wakaguzi wa mkoa. Roelof akakohoa.

"Andika hapana," akasema. "Mambo mengine tutayamaliza wenyewe, kama siku zote."

Na Hiske akaandika hapana. Yeye! Yeye aliyejifunza kuteleza mbele ya mdomo wa pampu ile ile, akisukuma kiti cha jikoni juu ya barafu ili asianguke, baba yake akimfuata nyuma na kumcheka. Alijua. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alitazama pembeni kama wenzake, kwa sababu mkutano ulikuwa mrefu na watu walikuwa wanamsifu.

Baridi ya mwaka ule haikugandisha hata ndoo. Hii ilikuwa ya kwanza kuugandisha mfereji tangu aje Mkalimani.

"Sietse," akasema sasa, "ulipogeuza ufunguo, kidirisha kimeandika nini?"

"Kimeandika: Ombi halilingani na kanuni. Kwa adabu kabisa. Nikate umeme?"

"Dizeli itawaka."

"Najua itawaka, nimeiandika mimi, mjinga mimi! Basi niingie niifunge dizeli."

"Una kadi ya Roelof?"

Sietse akatukana tusi ambalo halina haja ya kurudiwa. "Anayo mwenyewe. Au iko kwenye koti lake, na koti liko nyumbani kwake. Yeye yuko hapa kwenye hema, anakunywa supu ya njegere."

"Mpe simu. Kwanza mwambie baba awatoe watu barafuni. Taratibu, wasikimbie wala wasijazane gatini."

Hiske akasikia viatu vya Sietse vikisaga theluji, kisha kelele za watu, muziki wa tarumbeta, na sauti ya baba yake. Oene alikuwa msimamizi wa barafu, mtu anayeamua ni lini inabeba na ni lini haibebi, na siku kama ile neno lake lilikuwa juu ya la meya.

"Nani amesema watu watoke?" Oene alinguruma. "Nimeipima kwa mkono wangu asubuhi. Inabeba farasi!"

"Baba, ni mimi. Pampu itawaka."

"Pampu haiwaki wakati wa barafu."

"Leo itawaka."

Oene hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini wakati nyumba inaungua. "Muda gani?"

"Nusu saa. Labda chini ya hapo."

"Nina watoto wa shule wanaotoka kijiji cha tano, wako katikati ya mfereji, matete pande zote mbili, hawana pa kupandia ila hapa kwangu. Nusu saa haitoshi, Hiske. Izuie."

"Baba, nitajaribu..."

"Sikukuambia ujaribu."

Simu ikahama mkono. Roelof alikuwa anahema, ulimi umeungua na supu.

"Hiske, nini hiki? Simamisha tu hilo dude."

"Siwezi, Bwana Roelof."

"Nyinyi watu wa kompyuta siku zote mna mlango wa nyuma."

"Huu hauna. Nilithibitisha kwamba hauna, na wewe ukanipigia makofi. Njia ni moja: niandike kanuni mpya, Mkalimani aikubali, iingie kwenye mashine."

"Andika basi! Lakini..." Akashusha sauti. "Isikae kwenye kumbukumbu. Unanielewa? Iingie, ifanye kazi, itoke. Kimyakimya."

"Bwana Roelof, mashine haielewi kukonyezwa."

Hiske akaiweka simu mezani, spika wazi, akavuta kibodi. Akaandika: Mfereji mkuu ukiwa na barafu, pampu isiwake.

Mkalimani akafikiri. Yeye akifikiri huonyesha duara dogo linalozunguka, na Hiske mwenyewe ndiye aliyelichagua kwa kuliona zuri. Sasa alitamani kulivunja. Jibu likaja:

Sentensi hii inapingana na kanuni ya kwanza, bonde lisifurike. Mfano: barafu inakaa wiki tatu. Maji yanavuka alama nyekundu, yanavuka alama nyeusi, yanaingia vyumbani Mtaa wa Chini. Pampu haijawaka. Je, kuna kikomo?

"Anasemaje?" Sietse akauliza, amesogea karibu na simu.

"Anasema tutazama."

"Hana uongo. Mimi sikuwahi kuyaacha yapite alama nyeusi. Nyekundu nilikuwa naipita, nyeusi nilikuwa naiogopa kama mama mkwe."

"Na hukusema."

"Na wewe hukuuliza."

"Yeye aliuliza!"

Kwenye skrini mstari wa maji ulipanda upana wa unywele mwingine. Nyuma ya sauti zote Hiske alimsikia baba yake akipaza sauti kwa kipaza sauti cha mkono, tarumbeta zikinyamaza moja moja, na mtu fulani akilalamika kwamba hajagongewa mhuri wake, hatoki mpaka agongewe. Kiumbe wa Mungu yule alikuwa tayari kufa na kadi yake mkononi.

Akaandika tena: Kukiwa na watu juu ya barafu, na maji hayajafika alama nyeusi, pampu isiwake.

Duara likazunguka. Likazunguka. Jibu:

Sentensi hii inaweza kukubalika ikikamilika. Hakuna kifaa kinachoona watu juu ya barafu. Nani anajua kama wapo?

Hiske akajikuta anataka kuandika: kila mtu. Kweli, kila mtu alijua. Sietse alijua kwa kuchungulia dirishani, Oene kwa kugonga barafu na fimbo yake, mama muuza keki kwa kuhesabu keki zilizobaki. Bonde zima lilijua, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na kazi ya kujua. Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha mambo yote, na hapo ndipo walipopakwepa majira mazima kwa biskuti.

"Bwana Roelof, anataka jina."

"Jina la nini?"

"La mtu atakayesema kama watu wapo barafuni au hawapo. Mwenye mamlaka ya Bodi. Baba hafai, yeye ni wa chama cha barafu tu, si wa Bodi."

"Andika Bodi."

Akaandika Bodi. Mkalimani akajibu upesi safari hii: Bodi ina wajumbe kumi na wanane. Nani kati yao?

Sietse akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeona nyoka. "Kamshika pabaya."

"Nyamaza, Sietse," Roelof akasema. Kisha kwa Hiske, sauti ya mkutanoni, ile laini: "Sikiliza, mwanangu. Jina likiandikwa pale, mkoa ukija kuuliza kwa nini pampu ililala maji yakiwa juu ya alama, kuna mtu wa kujibu. Kwa miaka thelathini hakukuwa na mtu wa kujibu, na hakuna aliyeumia. Ndiyo uzuri wake."

"Leo mtu ataumia. Wewe umesimama juu ya hiyo barafu."

"Mimi natoka sasa hivi."

"Na watoto wa shule?"

Hiske akamsikia anahema. Roelof hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba jambo likiachwa bila jina hulala lenyewe, na aliyezoea hivyo humchukua muda kuzoea vingine. Muda ndio haukuwepo.

"Andika mimi," Sietse akasema ghafla. "Nastaafu mwaka huu, wataninyang'anya nini? Ufunguo usiosikilizwa?"

"Mlinzi wa pampu hana mamlaka ya kanuni. Wewe mwenyewe ulilikataa hilo, ulisema hutaki lawama."

"Mdomo wangu huu!"

Mstari wa maji ukagusa alama nyekundu.

Skrini haikupiga kelele. Ilibadilisha rangi ya namba moja tu, na pembeni dakika tano zikaanza kurudi nyuma. Lakini kwenye simu Hiske akaisikia honi ya onyo, mlio mrefu, ule ambao watu wa bondeni wanausikia kila wiki wakiendelea kuchambua viazi vyao. Leo walipiga yowe. Akasikia vyuma vya viatu vikikwaruza, watu wakiitana majina, na Oene akiunguruma juu ya wote: "Msikimbie! Mmoja mmoja! Nani anakimbia? Wewe mwenye kofia ya chungwa, nitakuvunja miguu!"

Hiske akaandika jina lake. Hiske, binti Oene, mhandisi wa kanuni wa Bodi, zamu ya leo. Akaandika na lililobaki, kwamba yeye ndiye atakayesema kama watu wapo, kwamba ataulizwa kila baada ya dakika kumi, na asipojibu, ihesabiwe wapo. Kidole kikasita juu ya kitufe. Alimwona mkaguzi wa mkoa amekaa mbele yake na kalamu, anauliza polepole: na wewe, bibi, ulijua tangu lini? Akabonyeza.

Duara likazunguka.

"Hiske," Sietse akasema, "pampu ndogo imeanza kuvuma. Ile ya kuvuta hewa. Ikimaliza hiyo, kubwa inafuata."

"Naangalia."

"Watoto nawaona. Wako kwenye kona. Mwalimu wao anawapungia mkono, anadhani tunamshangilia."

"Naangalia, Sietse."

Hakuwahi kuomba Mungu tangu kipaimara chake, na hata sasa hakujua aombe nini: hesabu iwe fupi? Alikuwa anaijua hesabu ile. Kanuni mia mbili na ushee, kila moja ipambanishwe na mpya, hakuna ya kurukwa. Yeye ndiye aliyekataa za kurukwa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Dakika nne zikakwisha, na sekunde za ile ya tano zikawa zinakwisha pia.

Sentensi imethibitishwa. Haipingani na kanuni yoyote. Imeingia.

Kwenye simu mvumo ukashuka, ukakohoa, ukafa.

"Taa ya njano," Sietse akasema. Hiske akamsikia akivuta kamasi, akaelewa kwamba mzee yule analia, na kwamba asingependa aulizwe.

Lakini jina likishaandikwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Swali likafunguka katikati ya skrini: Hiske, je, kuna mtu juu ya barafu? Akaandika ndiyo. Watoto wakafika gatini, wakapandishwa kwa kushikwa kola za makoti. Swali likarudi. Ndiyo. Waliochelewa wa kijiji cha nne wakageuzwa na kupelekwa kwa miguu shambani, wamevaa soksi, viatu vya vyuma shingoni. Maji yakaendelea kupanda. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye mapaa kwa jua la mchana, mitaro inamiminika, na alama nyeusi, iliyokuwa mbali, ikawa karibu. Ikifikiwa hiyo, pampu itawaka bila kumwuliza mtu. Ndivyo alivyoandika.

Roelof akampigia kwa simu yake mwenyewe. Alikuwa nchi kavu.

"Wametoka wote. Washa."

"Wote?"

"Nimesimama gatini, natazama barafu tupu. Mtaa wa Chini wananipigia, maji yameingia kwenye ghala za chini ya nyumba, viazi vinaelea. Ukiulizwa, andika hapana."

Swali likawa pale, linasubiri. Je, kuna mtu juu ya barafu? Na sauti ile ile ikimwambia andika hapana, kwa upole ule ule. Hiske akachukua simu ya pili, akampigia baba yake.

"Baba. Barafuni kuna nani?"

"Hakuna mtu," Oene akasema. Pumzi yake ilikuwa fupi, na upepo ulikuwa unapiga kwenye simu. "Ni mimi tu."

Lo! Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale, wa kale kuliko pampu. Msimamizi huingia barafuni wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hutembea mzunguko wake na fimbo, huchungulia matete, hung'oa vijiti vya alama, na mpaka amalize barafu huhesabiwa tupu, naye akiwa katikati yake. Hakuna aliyewahi kumhesabu. Roelof alikuwa anamtazama kwa macho yake mawili na kusema barafu tupu, na hakuwa anadanganya.

"Baba, toka."

"Nimalize upande wa matete. Washa tu, nitaisikia. Nimekua na hili dude, nalijua kuliko wewe."

"Umesikia?" Roelof akasema kwenye simu nyingine. "Mwenyewe amesema uwashe."

Hiske akaandika: Ndiyo.

"Umeandika nini?" Roelof akauliza.

"Nimeandika kwamba yupo mtu."

"Ni Oene!"

"Ni Oene, ndiyo. Ni baba yangu, na ni mtu. Viazi vya Mtaa wa Chini nitavilipa mimi, jina langu mnalo." Akaigeukia simu ya pili. "Baba, nisikilize. Sitaandika hapana wewe ukiwa huko. Niliwahi kuliandika, siliandiki tena. Lakini maji yakigusa alama nyeusi mashine haitaniuliza. Itawaka na wewe juu yake, na sitaweza kufanya kitu, kwa sababu hiyo nayo niliiandika mimi. Umebakiwa na kidole kimoja, baba. Tafadhali."

Upepo ukapiga. Oene alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwamuru kutoka barafuni, wala hata marehemu mke wake.

"Kwa hiyo nimo na mimi kwenye hesabu," akasema mwisho.

"Umo."

"Haya. Nakuja."

Akamsikiliza akija. Vyuma vya viatu vyake vilikuwa na mlio wao, mrefu, mfupi, mrefu, kwa sababu ya goti la kushoto. Namba ya maji ilipanda. Mrefu, mfupi. Akasikia gati likilia, mbao, na Sietse akisema, "Lete mkono, mkaidi wewe," na mtu mzito akianguka kwenye theluji.

"Ninaye," Sietse akapiga kelele. "Hiske, ninaye, nimemkalia!"

Swali likafunguka. Je, kuna mtu juu ya barafu?

Hiske akafuta macho kwa kiganja ili aone herufi. Akaandika hapana, akaisoma tena kabla ya kubonyeza, ilivyokuwa fupi na ya kweli, akabonyeza.

Honi ikalia, pampu ndogo ikavuma, kisha ile kubwa ikashika kwa mngurumo uliotikisa simu mkononi mwake. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu ukasikika mpasuko mmoja, kutoka gatini mpaka kwenye kona ya matete, na watu waliosimama ukingoni wakavuta pumzi kwa pamoja. Sietse akamsimulia: hema linainama, jiko la supu limekwenda, meza ya mihuri inateleza, imekwenda.

"Hiske," Oene akasema baada ya kitambo. Alikuwa bado chini kwenye theluji, anahema. "Kile kiti cha jikoni. Ulichojifunzia."

"Kimefanyaje?"

"Ndicho nilichokuwa nakalia, mle hemani. Kimekwenda."

Hiske akaiweka simu kifuani, akalia kwa sauti, peke yake na kahawa iliyomwagika, na mbele yake maji yakaanza kushuka.